Fahamu: Kwa nini spea za magari ya zamani hazidumu siku hizi, na namna ya kujikinga

Mkoani Songwe gari la zamani si pambo la kupigia picha. Ni chombo cha kazi. Land Rover ya miaka ya 1970, Land Cruiser ya miaka ya 1980, Fuso tandamu na Scania 113 bado zinatoa mahindi na kahawa Mbozi, zinashusha mpunga kutoka Kamsamba, na zinapanda milima ya Ileje ambako gari dogo jipya hukwama mvua zikianza. Magari haya yana chesisi nene na injini zisizo na kompyuta. Fundi wa kijijini anaweza kuyafungua kwa spana na kuyafunga tena jioni ileile.

Lakini katika gereji za Tunduma, Mlowo, Vwawa na Mkwajuni lalamiko ni lilelile: spea mpya haikai. Bushi inalika baada ya miezi michache. Wota pampu inavuja kabla msimu wa mavuno haujaisha. Beringi inaanza kulia wiki ya pili. Wengine husema fundi ni mbovu, wengine humlaumu mwenye duka, wengine husema ni mali ya Mchina na mjadala unaishia hapo.

Ukweli una sehemu nyingi kuliko hiyo. Makala haya yanaeleza spea hizi zinatoka wapi, kwa nini ubora wake umeshuka, ni zipi hazifai kubahatishwa, na mambo unayoweza kukagua dukani kabla ya kutoa hela.

MJI ULIOKUA NA MALORI

Tunduma ipo mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na baada ya hapo Zambia ikapoteza njia yake ya kusini ya kupitishia mafuta. Ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwenye barabara ya udongo ambayo, kwa sababu ya matope na ajali, ilipewa jina la barabara ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji iliyotumia malori ya Fiat. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ya barabara kuu ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, inayopita hapahapa Tunduma, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Kila kipindi kilileta magari yake. Zilikuwapo Fiat, Leyland na Bedford. Zikafuata Scania, ambazo baadhi ziliunganishwa hapa nchini katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Kisha zikajaa Isuzu, Fuso na Toyota kutoka Japani. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa, malori ya kwenda Zambia na Kongo yalikuwa tayari ndiyo maisha ya mji huu. Penye malori pana gereji, na penye gereji pana maduka ya spea.

Tatizo ni kwamba waliotengeneza magari hayo wameshaendelea na mambo mengine. Land Rover za mfululizo wa kwanza hadi wa tatu zilikoma mwaka 1985, na Defender iliyozifuata ikakoma Januari 2016. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984. Kampuni ya General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986. Scania 113 ni ya mfululizo uliokoma katika miaka ya 1990. Gari likishakoma, kampuni huendelea kutoa spea zake kwa miaka kadhaa, mara nyingi 10 au zaidi. Baada ya hapo spea moja baada ya nyingine hufutwa kwenye orodha.

ZAMANI TATIZO LILIKUWA UHABA

Wazee wanaokumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 watakuambia kuwa wakati ule spea hazikuwapo kabisa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, nchi ilikosa fedha za kigeni. Malori mengi yaliwekwa juu ya mawe yakisubiri kitu kidogo tu, kama gasketi au oili sili. Mafundi walijifunza kukereza, kuchomelea na kuazima spea ya gari hili kulivalisha lile.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje. Taratibu maduka yakajaa. Leo ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam, au maduka ya Mbeya na Tunduma, utakuta karibu kila kitu, hata spea ya gari lililokoma kutengenezwa miaka 40 iliyopita.

Kwa hiyo shida imebadilika sura. Zamani ulijiuliza kama spea ipo. Leo ipo, ila hujui ni nini hasa kilichomo ndani ya boksi.

SPEA ZINAGAWANYIKA MAFUNGU MATANO

Watu wengi hugawa spea mara mbili tu, orijino na feki. Mgawanyo huo unawapotosha. Mafungu ni matano.

Fungu la kwanza ni spea ya kampuni ya gari yenyewe, inayokuja kwenye boksi lenye jina na nambari ya kampuni hiyo. Ndiyo ya bei ya juu zaidi.

Fungu la pili ni spea ya mtengenezaji wa asili. Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu. Hununua beringi, pampu, klachi na vifaa vya umeme kutoka kwa viwanda vingine kama Denso, Aisin, Koyo, NTN, NSK, SKF, KYB, Bosch na Wabco. Viwanda hivyo huuza pia kwa majina yao wenyewe. Mara nyingi ubora ni uleule au unakaribiana sana, na bei hushuka kwa sababu hulipii jina la kampuni ya gari.

Fungu la tatu ni kopi halali. Kiwanda kingine kinatengeneza spea inayoingia kwenye gari lako na kuandika jina lake chenyewe kwenye boksi. Hakuna udanganyifu hapo. Lakini ndani ya fungu hili kuna nzuri sana, kuna za wastani, na kuna zisizofaa hata kwa toroli.

Fungu la nne ni feki. Hii ni spea iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, kisha ikawekwa kwenye boksi lenye jina la kampuni maarufu ili uilipie kama ya kampuni hiyo. Huu ni wizi wa jina na ni kosa kisheria.

Fungu la tano ni mtumba, yaani spea iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Inaweza kuwa bora kuliko mpya, au ikawa imeshamaliza maisha yake. Inategemea ni spea gani.

KWA NINI UBORA UMESHUKA

Sababu ya kwanza ni idadi. Kiwanda kinachotengeneza spea ya gari linalouzwa kwa mamilioni kinaweza kugharamia vipimo, maabara na ukaguzi. Spea ya Bedford au Land Rover ya mwaka 1975 huagizwa kwa mafungu madogo. Viwanda vikubwa havioni faida. Kazi inabaki kwa viwanda vidogo visivyo na vifaa hivyo.

Sababu ya pili ni kuiga bila mchoro. Kampuni ya gari ina mchoro unaosema chuma ni cha aina gani, kimekazwa kwa moto kiasi gani, na kipimo kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa sehemu ngapi za milimita. Anayeiga hana mchoro huo. Anachukua spea moja, wakati mwingine iliyokwisha kutumika, anaipima na kutengeneza inayofanana nayo. Umbo linaigika, lakini ugumu wa chuma hauonekani kwa macho. Kama spea aliyoipima ilikuwa imelika kidogo, basi hata mpya yake inazaliwa ikiwa imelika. Na mwingine akiiga kopi hiyo, kosa linaongezeka.

Chukua mfano wa kingipini. Nyama yake ya nje inatakiwa iwe ngumu ili isilike, na ya ndani iwe na unyumbufu kidogo ili isikatike. Hilo hupatikana kwa kuipasha moto na kuipoza kwa utaratibu maalumu. Ukiruka hatua hiyo, kingipini itang'aa vizuri dukani lakini italika kama chaki barabarani. Ukiikaza hadi ndani, itakuwa ngumu kote na siku moja itakatika bila kutoa onyo. Springi nazo ni hivyohivyo: zikikosewa moto, ama zinalala ama zinavunjika.

Sababu ya tatu ni bei inayotajwa wakati wa kuagiza. Hapa ndipo neno la "mali ya Mchina" linapokosea. Kiwanda kilekile cha China, India au Uturuki kinaweza kutengeneza spea ya daraja la juu kwa mteja mmoja na ya daraja la chini kwa mwingine. Mfanyabiashara anayesema anataka ya bei ya chini kabisa atapewa ya bei ya chini kabisa. Naye ameagiza hivyo kwa sababu anajua mteja wake wa Tunduma huanza kwa kuuliza, "Ya bei nafuu ipo?" Mnyororo huo unaanzia kwetu sisi wanunuzi.

Sababu ya nne ni raba. Bushi, oili sili, raba za breki na mipira ya maji ni mchanganyiko wa raba na kemikali. Mchanganyiko wa oili sili unatakiwa uvumilie oili na joto, na wa raba za breki uvumilie mafuta ya breki. Raba ya bei rahisi hupasuka au kuvimba. Zaidi ya hapo, raba huzeeka hata ikiwa haijatumika. Spea ya gari la zamani inaweza kuwa imekaa kwenye rafu miaka mingi, kwenye joto na vumbi, na ukaiuziwa kama mpya.

Sababu ya tano ni kupotea kwa ujuzi wa nambari. Mawakala wa zamani walikuwa na vitabu vya spea na waliuza kwa nambari. Siku hizi mnunuzi husema, "Nipe beringi ya Fuso," na muuzaji hutoa inayofanana. Tatizo huzidi pale gari lenyewe lilipochanganywa: injini ya aina moja, gia boksi ya nyingine, difu ya tatu. Spea iliyo sahihi kwa kitabu haitakuwa sahihi kwa gari hilo.

Na haki isemwe: si kila spea inayokufa mapema ilikuwa mbovu. Beringi iliyopigwa kwa nyundo badala ya kusukumwa kwa presi imeshaumizwa kabla ya safari ya kwanza. Lori la tani 7 linalobeba tani 12 litamaliza hata springi ya orijino. Grisi yenye mchanga hula bushi yoyote.

SPEA AMBAZO HAIFAI KUBAHATISHA

Kwenye barabara kuu ya kuja Tunduma kuna miteremko inayojulikana kwa ajali: Kitonga mkoani Iringa, Mlima Nyoka na Iwambi mkoani Mbeya, na Senjele hapa wilayani Mbozi. Lori lililojaa mzigo linaposhuka hapo, uhai wa watu wengi uko kwenye vipande vichache vya chuma na raba.

Breki ndiyo ya kwanza. Laini za breki ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini na gundi. Gundi dhaifu ikipata joto la mteremko mrefu huungua. Laini inakuwa laini kama kioo na kushindwa kushika. Dereva anakanyaga, mguu unakuta ugumu, lakini gari haipungui mwendo. Laini nzuri na gia ndogo huenda pamoja. Hakuna breki inayotosha kwa dereva anayeshuka Senjele na gia kubwa.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu breki. Kwanza, laini nyingi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Usipulize vumbi la ngoma ya breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji na ufute. Pili, usiweke oili ya injini au ya haidroliki mahali pa mafuta ya breki, hata kama umekwama porini. Raba za breki huvimba, na utapoteza breki zote.

Ya pili ni usukani: kingipini, boljointi, tairodi na boksi ya usukani. Boljointi ikichomoka, gurudumu hujigeukia lenyewe na hakuna ujanja wa dereva utakaosaidia.

Ya tatu ni magurudumu: beringi, bolti na nati za gurudumu, yubolti za springi, na matairi yenyewe.

Kwenye makundi haya matatu nunua fungu la kwanza au la pili, au kopi halali ambayo fundi wako ameshaijaribu na kuiona ikidumu. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye vioo, vitasa, taa za ndani na mapambo.

NAMNA YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Nenda na spea ya zamani mkononi. Usitegemee kumbukumbu. Ziweke pamoja mbili kwenye kaunta, linganisha urefu, unene, idadi ya meno na matundu. Zipime uzito kwa mkono. Spea mpya iliyo nyepesi kuliko ile iliyolika ina maswali ya kujibu.

Nenda na nambari. Piga picha kibati cha gari kwa simu yako, chenye nambari ya chesisi na aina ya injini. Kama spea ya zamani ina nambari, ipige picha pia. Kwa Toyota, nambari ya spea kwa kawaida ina tarakimu 10 zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za kwanza zinaeleza ni aina gani ya spea. Kwa mfano, 90915 huanzia filta za oili, na 04465 huanzia breki pedi za mbele. Boksi lenye nambari isiyolingana na kilichomo ndani lirudishe.

Soma boksi. Angalia tahajia ya jina, rangi iliyochujuka, na lebo iliyobandikwa juu ya nyingine. Boksi zuri peke yake halithibitishi kitu, kwa kuwa boksi ndilo rahisi zaidi kuiga. Angalia pia maandishi kwenye spea yenyewe.

Tumia simu. Kampuni ya SKF ina programu iitwayo SKF Authenticate, na umoja wa watengenezaji beringi duniani una programu ya WBA Bearing Authenticator. Zote zinasaidia kutambua beringi feki kwa kupiga picha alama zilizomo kwenye boksi. Kampuni nyingine nazo huweka alama za kukagua kwa kamera ya simu.

Tumia sumaku. Bushi ya shaba nyeusi haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ujue si shaba nyeusi tupu.

Tumia tupa. Kwa idhini ya muuzaji, pitisha tupa ndogo kwenye ukingo wa kingipini, mahali pasipofanya kazi. Chuma kilichokazwa vizuri huiteleza tupa. Kikichongeka kwa urahisi, kiache hapohapo.

Soma kichwa cha bolti. Bolti za nguvu huandikwa nambari kama 8.8 au 10.9, na 10.9 ina nguvu zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote haifai kwenye usukani, breki wala gurudumu.

Bonyeza raba. Ikunje kidogo. Ikionyesha nyufa ndogo au ikiwa ngumu kama plastiki, imezeeka hata kama iko kwenye nailoni mpya. Kwa tairi, tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Chana filta ya zamani. Hili hufanywa gereji, si dukani. Ukibadilisha filta ya oili au dizeli, chana iliyotoka kwa msumeno uione ndani. Karatasi chache, gundi iliyoachia au vali isiyokuwapo vitakuambia kama uendelee kununua chapa hiyo. Filta mbovu ya dizeli huua nozeli na pampu, na hizo ni ghali mara nyingi zaidi ya filta.

Pima kabla ya kufunga. Fundi wa injini awe na maikromita na fila geji. Ringi ya pistoni iingizwe peke yake kwenye silinda na nafasi kati ya ncha zake ipimwe. Kwa injini nyingi, silinda yenye upana wa milimita 100 huhitaji nafasi ya takribani milimita 0.3 hadi 0.4, kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Injini nyingi za dizeli pia zina gasketi za silinda hedi za unene tofauti. Ukifunga isiyo yake, utalipia kazi mara mbili.

MTUMBA NA KUKARABATI

Baadhi ya spea ni heri kununua mtumba wa asili kuliko mpya usiyoijua. Nyumba ya gia boksi, difu, ekseli, milango, kranki iliyopimwa na silinda hedi isiyo na ufa ni mifano. Chuma chake ni cha kiwanda cha asili, na mafundi wetu wanaweza kukikagua.

Lakini usinunue mtumba wa raba, boljointi, breki pedi, brekishuu zenye laini zake za zamani, mkanda wa injini wala filta. Hivi vina umri, na umri wake umekwisha kutumika kwenye gari la mwingine.

Njia nyingine ni kukarabati ulichonacho. Brekishuu za asili zenye chuma kizima zinaweza kubandikwa laini mpya. Silinda ya breki iliyolika inaweza kuwekewa bomba la ndani na kurudi kipimo chake. Bushi za kingipini zinaweza kukerezwa kwa shaba nyeusi kwa kipimo cha gari lako. Kazi hii inahitaji fundi mwenye mashine na vipimo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina karakana Mbeya kwa kazi za aina hii, na wapo mafundi binafsi wa mashine za kereza katika miji yetu. Muulize fundi atatumia chuma gani. Anayekuambia "chuma ni chuma" mwache.

HESABU YA BEI

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tuipigie hesabu, kwa bei za mfano tu.

Tuseme kingipini ya bei nafuu ni shilingi 60,000 na inadumu miezi 4. Nyingine ya daraja zuri ni shilingi 180,000 na inadumu miezi 24. Ufundi ni shilingi 40,000 kila mara. Kwa miezi 24 utanunua ile ya bei nafuu mara 6, yaani shilingi 360,000, na ufundi shilingi 240,000. Jumla ni shilingi 600,000. Ile ya daraja zuri itakugharimu shilingi 220,000 pamoja na ufundi. Hatujahesabu siku ambazo gari lililala gereji wakati mahindi yako yanasubiri shambani.

Ugumu ni kwamba wengi wetu hatuna 180,000 siku gari linapokufa. Ndiyo maana wamiliki wengine huweka akiba ya spea kidogo kidogo baada ya mavuno, au hujiunga watatu wanne wenye magari ya aina moja na kuagiza kwa pamoja Dar es Salaam kwa nambari.

UKIUZIWA FEKI UFANYE NINI

Dai risiti ya EFD na muuzaji aandike jina la spea pamoja na chapa yake, si "spea" peke yake. Tunza risiti, boksi na spea iliyoharibika. Bila vitu hivyo vitatu, lalamiko lako halina miguu. Ukinunua ng'ambo ya mpaka kwa kwacha bila risiti, ujue hutakuwa na pa kurudi.

Rudi kwanza kwa muuzaji na ongea kwa utulivu. Mara nyingi naye ameuziwa hivyo na muuzaji wa jumla. Mkishindwana, kuna taasisi mbili. Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayohusu bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linahusika na bidhaa zisizofikia kiwango. Kwa ufupi: boksi likitumia jina la kampuni nyingine kwa uongo, nenda FCC, bidhaa ikiwa haifikii kiwango hata kama jina ni lake, nenda TBS.

DALILI ZA MATUMAINI

Si kila mlango umefungwa. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kuwa itaanza kutengeneza upya baadhi ya spea za Land Cruiser za mfululizo wa 40, kwa sababu nyingi bado zinafanya kazi duniani. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser mkonga ilianza mwaka 1990 na imeendelea kutumika kwa miongo mitatu na zaidi, hivyo spea zake nzuri bado ni rahisi kupatikana. Mwenye kutafuta gari la zamani la kununua leo na aangalie hilo kwanza: si uzuri wa bodi, bali kama injini yake ina ndugu wengi walio hai.

Na kwa aliye na gari tayari, nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, chapa ya spea, duka na bei kila unapofunga kitu kipya. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakueleza ni chapa gani inadumu kwenye barabara zako na mzigo wako. Mpelekee fundi wako, muazime na jirani mwenye gari kama lako. Wenye maduka huagiza kile wateja wanachokitaja. Wateja wakianza kutaja chapa na nambari badala ya bei nafuu, na rafu zitabadilika.